Jina Thuraya: huku Mwanza linaitwa Sulaya, niandikeje kwenye cheti?

Baba_Binti_Mza (mleta mada)

Wakuu habari za wikiendi. Naomba msaada wa mawazo maana hapa nyumbani tumekaa vikao vitatu na hakuna kilichoeleweka.

Mke wangu amejifungua salama wiki iliyopita, binti, kilo tatu na pointi mbili, nywele kama kavaa kofia. Mimi Msukuma wa Magu, mke ni Mpemba wa Wete, tunaishi hapahapa Mwanza. Kabla mtoto hajaja tulikubaliana akiwa wa kiume jina nachagua mimi, akiwa wa kike anachagua yeye, na mimi kwa jinsi tumbo lilivyokaa nilikuwa na uhakika ni dume, sasa ndo hivyo. Kachagua Thuraya, jina la bibi yake mzaa mama ambaye ndo alimlea. Jina zuri sina neno nalo. Shida inaanza pale linapotoka midomoni kwa watu.

Bimkubwa wangu kaja kutoka Magu kumuogesha mtoto, anamwita Sulaya. Nikamwambia mama ni Thuraya, akanijibu "si ndo nimesema, Sulaya". Nesi aliyejaza kadi ya kliniki kaandika Suraya. Jirani anaita Turaya. Mdogo wangu anayejifanya msomi anaita Dhuraya tena kwa kukazia. Na mama mkwe akipiga simu ya vidio kutoka Pemba akasikia bimkubwa anaita Sulaya huko nyuma anakaa kimya, ule ukimya wa mkwe mnaujua. Juzi nimemsikia anamwambia mke wangu kwamba kama jina la mama litatafunwa hivo basi bora mumpe jengine.

Sasa naomba kuuliza, hivi hili jina ni adimu kiasi hicho? Mimi tangu chekechea mpaka chuo sijasoma na mtu anaitwa hivi. Na matamshi yenyewe hasa ni yapi, maana hata mke wangu na shangazi yake hawafanani, mmoja Thuraya mwingine Thureya. Wiki ijayo nataka nikajaze karatasi ya cheti na kuna washkaji wananiambia andika Suraya tu kama watu wanavyotamka, umalize. Karibuni.

---

Kibosho_Kwetu

Mpe Neema mzee yaishe.

---

Bi_Mkasi

Kaka hongera sana, Mungu amkuze na ampe umri wenye kheri. Mie wa Wete hukohuko kwa wakweo kwa hiyo hapa naongea kama shangazi.

Kwanza jina hili kwetu si adimu, ni la kale tu. Skuli darasa letu tulikuwa nao watatu, ilibidi tuwagawe, Thureya Mrefu, Thureya wa Bopwe na Thureya wa Mwalimu. Siku hizi ndo limepungua, wazazi wanaokota majina mitandaoni, kila nyumba Inaya, kila nyumba Rayan, ukiita mmoja barazani wanageuka wanne. Kwa hiyo mkeo kurudisha jina la bibi yake mie namuunga mkono.

Kuhusu Thuraya na Thureya wote wawili wako sawa, wasigombane. Mwarabu anasema Thurayya, ile y ameikazia. Wazee wetu hawakuwa na muda huo wakaligeuza likakaa kwenye ulimi wa Kiswahili, kama vile hatusemi khayr twasema heri, hatusemi shaykh twasema shehe, na bayt ya shairi tukaifanya ubeti. Hiyo ay ya Kiarabu kwetu inalainika inakuwa e. Ndo ikaja Thureya. Hata zile taa kubwa za kuning'inia mskitini zenye vikombe vingi wazee walikuwa wanaziita thurea, ni neno hilohilo, vitu vinavyong'ara vimekusanyika pamoja.

Sasa nije kwenye kinachomnyamazisha mkweo, maana naona hakuna aliyekwambia, wanaona haya. Ukiitoa th ukatia s, halafu ukalisema harakaharaka ukalibana pale katikati, unapata SURIA. Suria unamjua? Kijakazi aliyewekwa na bwana wake kama mke pasi na ndoa. Kwa bara huenda ni neno la kwenye kamusi tu, kwa Unguja na Pemba ni neno lenye watu ndani yake. Utumwa ulipigwa marufuku visiwani 1897 lakini masuria hawakuhesabiwa humo, waliachwa majumbani mpaka 1909 ndo sheria ikawafikia. Zipo koo mpaka leo ukiuliza bibi mkubwa alitoka wapi watu wanainuka kwenda kutia chai. Mama mkwe wako anasikia jina la mamake mzazi linaelekea huko, atafanyaje kama si kunyamaza?

Kwa hiyo wewe andika Thuraya, andika Thureya, lakini chondechonde usije ukaandika Thuria. Na Suraya ya huyo nesi ifute mapema kabla haijaota mizizi.

---

Baba_Binti_Mza

Dah. Dada hapo kwenye suria umenifungua macho, nimemsomea mke wangu akasema "ndio" halafu akaendelea kukunja nguo. Miaka minne ya ndoa sijawahi kuambiwa.

---

Matatu_ya_Thika

Hongera buda. Niko Kenya na nataka nimtetee huyo mdogo wako wa Dhuraya, yeye si wa kulaumiwa sana. Sisi Wakikuyu tukiandika th tunasoma dh. Muthoni ni Mudhoni, Thika kwetu ni Dhika, watu wa mbali ndio husema Thika kama thelathini. Wakamba pia ni vivyo hivyo. Kwa hivyo mkimleta huyo binti huku kwetu akiwa na jina lake kwa karatasi, ataitwa Dhuraya na watu watakuwa wamesoma vizuri kabisa kulingana na vile walifunzwa nyumbani. Mjaluo ndio ataitoa safi, th anayo ya kuzaliwa nayo, yeye utamshika kwa sh.

Sasa swali langu, hii Thuraya si ni zile simu za setilaiti? Kuna jamaa wa shirika fulani alikuwa nayo tukienda Turkana, antena kama rungu, yeye pekee ndiye alikuwa na mtandao sisi wengine tunapanda vichuguu.

---

Suheli_Maskati

Hiyo simu ni ya kampuni ya Falme za Kiarabu, wameipa jina la nyota, lakini jina limekuwepo miaka elfu na zaidi kabla ya simu.

Assalaam alaykum mleta mada. Mimi nipo Oman, wazee wangu wa Unguja. Huku jina ni la kawaida kabisa, la mabibi na la watoto, ofisini kwetu wapo wawili na mmoja hajafika miaka ishirini na tano. Kwa hiyo uadimu unategemea umesimama wapi.

Maana yake ni lile fungu la nyota zilizobanana kama kishada cha zabibu, kwa jicho la kawaida unahesabu sita, mwenye jicho kali saba. Shina lake ni la wingi na utajiri, tharwa ni jamaa yake. Waarabu wa kale wakisema "nyota" tu bila kutaja ipi walikuwa wanakusudia hii, ndiyo maana baadhi ya wafasiri wa Qur'ani kwenye sura ya Najm wanasema nyota inayoapiwa pale ni Thuraya. Na iko hadithi katika Bukhari ambapo Mtume (s.a.w.) alimwekea mkono Salman Mfursi akasema imani hata ingekuwa kwenye Thuraya wangeifikia watu katika hawa. Kwa hiyo ni jina lenye heshima yake.

Matamshi: ni herufi ya nne, alif be te THE. Ncha ya ulimi inachungulia kati ya meno, unapuliza. Ila nikuambie ukweli, hata Waarabu wote hawaitoi hivyo. Mmisri anasema Soraya. Mfursi na Mhindi hawana th kwenye ulimi wao, wanasema Soraya, Suraya, na Mturuki anaandika kabisa Süreyya na anampa hata mwanamume. Yule malkia wa Iran aliyeachwa na Shah mwaka 1958 alikuwa Soraya, jina ndilo hilihili. Wazee wa Mombasa na Unguja waliokuwa wanakwenda sinema za Kihindi wanamkumbuka Suraiya, mwigizaji na mwimbaji, ndilo hilihili pia. Kwa hiyo bimkubwa wako akisema S yuko pamoja na mamilioni, siyo kosa la ushamba. Hilo la suria ni la kwetu sisi Waswahili peke yetu kwa sababu neno lile tunalo, na Bi Mkasi kalieleza vizuri.

Jambo la mwisho la mzaha. Asije akaolewa na mtu anaitwa Suheli. Kulikuwa na mshairi Makka, Umar bin Abi Rabia, alimpenda mwanamke Thuraya, akaja kuolewa na Suheil, nalo ni jina la nyota, basi yule mshairi akatunga beti akastaajabu hawa watakutana wapi, mmoja nyota ya Shamu, kaskazini, na mwengine nyota ya Yemen, kusini. Wazee wa majahazi wanajua, suheli ndiyo kusini.

---

Jembe_na_Mpini

Mimi nitasema wasichotaka kusikia. Nyota hizo zina jina letu la Kibantu toka zamani, KILIMIA, kutoka kulima. Wazee wa pwani walikuwa wanazitumia kama kalenda, wakasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Na siyo uchawi, angalieni wenyewe, mwezi wa tano zinapotea kwenye mwanga wa jua wiki kadhaa, mwezi wa sita zinarudi alfajiri upande wa mashariki, mkulima anapima hapo. Wazulu wanaziita isiLimela, Wasotho Selemela, shina ni lilelile la kulima mpaka kusini kabisa mwa Afrika, na Waxhosa walikuwa wanahesabu miaka ya uanaume wa mtu toka jandoni kwa kuziangalia zikirudi. Sasa sisi tunaacha hilo tunagombania th ya watu. Mwite Kilimia hakuna Msukuma atakayeshindwa kulitamka.

---

Bi_Mkasi

Jembe, jina la bibi mtu si la watu. Yule bibi kazaliwa Pemba kafa Pemba, hakuwahi kuiona Arabuni hata kwenye kalenda. Na Kilimia nani kamkataza mtu, wewe una mabinti wangapi na yupi kati yao anaitwa Kilimia?

---

Jembe_na_Mpini

Wawili. Brenda na Doreen. Aliwapa mama yao.

---

Kibosho_Kwetu

😂😂😂 uzi ufungwe.

---

Matatu_ya_Thika

Ngoja ngoja, si hizo nyota ndio Subaru? Subaru ni jina la Kijapani la hizo nyota, ndio maana nembo ina nyota sita, moja kubwa na ndogo tano. Kwa hivyo huyu mtoto kwa Kijapani ni Subaru. Mama yangu, huku Kenya angepata wachumba kabla ya meno.

---

Mwenye_Jina

Nimekuwa nasoma uzi huu kimyakimya toka jana nikijiuliza nijibu au niache, ngoja nijibu maana mimi mwenyewe naitwa Thuraya.

Nimezaliwa Ujiji, shule nimesoma Kigoma mjini halafu Tabora. Ujiji kwenyewe hakukuwa na tatizo, wazee wa pale Kiswahili chao cha pwani, wakiniita jina linatoka lote. Tatizo limeanza darasa la tatu nilipohamishwa shule. Mwalimu anaita mahudhurio, anafika kwangu, "Suraya!" na kabla sijaitika kuna kijana kakaa nyuma kabisa anamalizia, "ya nyani". Sura ya nyani. Darasa zima chini. Kesho yake sura ya mbuzi, keshokutwa sura ya sufuria, ikafika mahali wakawa wanabadilisha kila siku kama menyu ya bweni. Tulipoanza kusoma vitabu vya hadithi ikawa sura ya kwanza, sura ya pili, siku nikichelewa sura ya mwisho. Leo nacheka naandika hivi lakini wakati ule nilikuwa naomba Mungu nibadilishiwe niwe Asha.

Hiyo ndo sehemu ambayo hakuna mtu mzima ataifikiria wakati anajaza karatasi. Watu wazima mnafikiria maana ya jina, watoto wanafikiria linafanana na nini. Thuraya likipoteza th linakuwa swali, sura ya nani? na darasa lina majibu arobaini.

Halafu karatasi. Cheti cha kuzaliwa nimeandikwa Thuraya. Cheti cha shule kikaja Thulaya, kuna aliyenakili orodha na hakuuliza mtu. Kitambulisho kikaja Thuraiya na i katikati. Nimepata kazi ya kwanza naambiwa nithibitishe kwamba hawa wanawake watatu ni mimi mmoja, nikaenda kwa wakili nikalipa nikaapa kwamba mimi ni mimi. Kwa hiyo baba mtoto ushauri wangu wa kwanza, nenda mwenyewe, andika kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi umpe mtu anakili, usimtamkie, halafu kabla hajagonga muhuri soma herufi moja moja. Akishamaliza soma tena. Kadi ya kliniki nayo kairekebisheni sasa hivi akiwa mchanga maana ndo watakayoiangalia kwanza.

Sasa nina miaka 34. Nikikutana na mtu mpya nasema mara moja tu, "th ya themanini". Akiweza sawa, akishindwa namwacha, siwezi kuishi nafundisha ulimi wa kila mtu. Mama mkwe wangu Mnyamwezi, mwaka wa tisa huu ananiita Sulaya na nikisikia sauti yake uani naitika hata hajamaliza kuita, kwa sababu ananiita mimi. Ila kulikuwa na bosi mmoja zamani siku ya kwanza kazini akasema jina lako gumu nitakuita Suzi. Huyo nilimkatalia palepale mbele ya watu na mkataba nilikuwa bado sijasaini. Kushindwa ni kitu kimoja na kutotaka ni kitu kingine, mama mkwe anashindwa, yule bwana hakutaka.

Kuhusu herufi, mimi ningekuwa wewe ningeandika THUREYA. Likiharibiwa linakuwa Sureya au Sulea, hakuna sura ya mtu hapo wala hakuna suria. Angalau Sulea inakaribia kulea.

---

Kipara_Ngoto

Hii ya kufikiria jina likiharibika litakuwaje ni akili kubwa. Mimi mtoto wangu nimempa Ghalib nikaambiwa jina la ushindi, mtaani wanamwita Galibu, na bibi yake alipoona kanakuwa kanene wakaanza Garimbili. Sijui hata ni nini.

---

Mtoto_wa_Ugambo

Niko Uingereza binti yangu wa miaka sita ni Thuraya pia, sikujua kama kuna uzi utakuja kunihusu hivi.

Huku maajabu yake ni kinyume na kwenu. Th wanayo, Kiingereza kimejaa th, mwalimu siku ya kwanza kaitoa safi kuliko baba yangu mzazi wa Morogoro. Wanapokosea ni pa kuweka uzito na ile u. Wanasema kama THO-reya, wanapiga mwanzoni, au wanavuta katikati inakuwa Thu-REEEI-a. Sisi Kiswahili mkazo unajikalia wenyewe silabi ya pili kutoka mwisho, thu-RA-ya, thu-RE-ya, huna haja ya kufikiria. Mimi huwa nawaambia ni silabi tatu fupi zinazolingana kama hatua za kupanda ngazi, wanapata.

Kuhusu uadimu, huku ofisi ya takwimu kila mwaka wanatoa orodha ya majina ya watoto wote waliozaliwa England na Wales, jina likishapewa watoto watatu tu linaonekana. Marekani nao ofisi ya Social Security wana orodha yao inarudi nyuma mpaka 1880, wao kuanzia watoto watano. Mimi niliwahi kupoteza usiku mzima huko. Cha kujifunza ni kwamba jina moja linagawanyika, wenye Thuraya kivyao, Soraya kivyao, Suraya, Thurayya kila tahajia inahesabiwa kama jina jingine, kwa hiyo unaweza kuona adimu adimu kumbe ukiwakusanya ni ukoo mzima. Ni kama Uthman tu, Unguja Othman, bara Athumani, Uganda Asuman, ukiwatafuta kwenye daftari hawajuani.

Nakubaliana na Mwenye_Jina kuhusu kikaratasi. Na hilo la Suzi limeniuma.

---

Gusa_Uone

Samahani mimi sijaelewa kitu kimoja, kwani kwanini watu wa bara th inatushinda? Si tunasema thelathini kila siku?

---

Bi_Mkasi

Mnasema selasini mwanangu. Na vitu vyenye thamani mnaviita vina samani, mpaka mtu hajui mnazungumzia bei au makabati.

---

Suheli_Maskati

Bi Mkasi taratibu 😄. Gusa, ni kwamba lugha nyingi za Kibantu za bara hazina sauti hiyo, imeingia Kiswahili na maneno ya Kiarabu, kwa hiyo mtu aliyekua na kilugha chake ulimi unatafuta sauti ya jirani, anapata s. R na l vilevile, kuna lugha haziwabagui hao wawili, kwake ni sauti moja. Hasikii tofauti ndiyo maana bimkubwa alijibu "si ndo nimesema". Alikuwa mkweli. Masikioni mwake amesema.

---

Baba_Binti_Mza

Wakuu narudi na mrejesho, samahani kwa ukimya, mtoto ana tumbo usiku tunalala kwa zamu.

Kwanza nimeenda kliniki mwenyewe, kadi imerekebishwa, nilibeba kikaratasi cha herufi kubwa kama dada alivyosema na yule nesi akacheka akasema baba huyu atakuwa wakili. 

Sasa bimkubwa. Jembe na Suheli hii ni kazi yenu. Juzi usiku saa mbili umeme ulikatika, tukatoka nje, na kwa kuwa ni mwezi wa kumi na moja nikakumbuka mlichoandika nikaangalia mashariki, nikaziona, kile kifungu kidogo kama vumbi linang'aa. Nikamwita bimkubwa nikamwambia mama unaziona zile, jina la mjukuu wako ndo zile. Akasimama ameshika kiuno ananitazama kama vile nimekuwa mjinga muda mrefu bila yeye kujua. Anasema "zile? Zile mbona babu yako akiziona jioni hivi anashusha mbegu darini". Halafu akakaa kwenye kigoda akaanza kunielezea mambo ya mtama na mwaka gani njaa iliingia, mpaka umeme ukarudi hatujaondoka. Mwisho akaniuliza, kwa hiyo huyo mama yake Pemba nao walikuwa wanalima? Nikasema wanalima, mihogo, mpunga, karafuu. Akasema mngesema mapema kwamba ni nyota za mbegu, mimi nilijua ni jina la kwenye tamthilia.

Asubuhi yake kaanza mazoezi. Nikamwambia ulimi katikati ya meno, sasa yeye hayo meno mawili ya mbele ya juu hana, yalitoka zamani, kumbe pengo linasaidia, ulimi unapita wenyewe, akatoa TH ambayo mimi sijawahi kuitoa maisha yangu yote. Ila r imegoma katakata. Kwa hiyo sasa hivi mjukuu anaitwa Thulea. Mama mkwe alipopiga vidio akasikia Thulea kwanza kimya, halafu nikasikia anaita mtu huko kwao, njoo, njoo umsikie, wakajaa kwenye simu watu kama sita, bimkubwa akatakiwa arudie mara tatu. Sasa wanapigiana wenyewe, mimi na mke wangu hatuna habari.

Karatasi nimejaza jana. THUREYA. Nimesoma herufi moja moja, mara mbili.

---

Mwenye_Jina

Nimefurahi mpaka nimemsomea mume wangu. Msalimie wajina, na huyo bibi mwenye pengo.

---

Kibosho_Kwetu

Neema tungeshamaliza wiki mbili zilizopita lakini hongera mkuu. Na wa pili akija dume?

---

Baba_Binti_Mza

Wa pili nachagua mimi hilo halina mjadala. Nishamwandaa tayari, Ng'wandu, jina la babu huyohuyo wa mbegu.

---

Bi_Mkasi

Nini? Hio inaanzia wapi kutamkwa?

---

Baba_Binti_Mza

Dada ulimi uuache ulale kama ulivyo, sauti itokee puani kama unasema ng'ombe, halafu midomo uikusanye upesi kabla ng' haijaisha.

---

Bi_Mkasi

Nimejaribu mara nne hapa jikoni, paka katoka nje. Mama mkwe wako umeshamwambia?